Kitabu cha Mchungaji Ormerod

“Usikiguse kwa mkono mtupu,” Bwana Lionel Peverell alisema.

Inspekta Winifred Garside alirudisha mkono mfukoni. Mbele yake, juu ya mto wa kitambaa cheusi, kilikaa kitabu kidogo kuliko kiganja chake. Kurasa zake zilikuwa zimeshonwa mgongoni kwa uzi wa rangi ya buluu iliyofifia. Hakikuwa na jina wala jalada gumu. Mtu asiyejua angedhani kimedondoka kutoka kwenye kikapu cha kushonea.

“Hiki ndicho cha bandia?” aliuliza.

“Bandia tupu.” Peverell alinyoosha tai yake. Alikuwa mkuu wa Maktaba ya Ravensgill, pale Ripon, kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, na maktaba hiyo haikuhifadhi kitu kingine isipokuwa vitabu vya zamani vya watoto wa Kiingereza. “Cha kweli ni Kitabu cha Ormerod. Mchungaji Septimus Ormerod alikishona mwenyewe mwaka 1744 ili kuwafundishia watoto wa parokia yake herufi. Jina lake liko ukurasa wa kwanza. Nimeandika historia nzima juu yake, Inspekta. Wanafunzi wanaosoma jinsi fasihi ya watoto ilivyozaliwa nchini hapa huanzia kwake. Na yule mwanamke aliye huko chini amekiiba, akatuwekea takataka hii.”

“Bi. Stainthorpe ndiye aliyetoa taarifa kwamba kimebadilishwa.”

“Ujanja wa mbweha. Chumba cha chuma cha kuhifadhia vitabu adimu kina funguo mbili, wangu na wake. Droo yake imejaa karatasi tupu za karne ile, eti za kutilia viraka. Ana wino, ana sindano, ana mikono. Unataka nini zaidi? Bodi inakutana saa kumi. Natarajia kuwaambia kwamba amekamatwa.”

Winifred alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Alimwomba kisanduku cha kitabu, akatia sahihi kukichukua kama kielelezo, akashuka ngazi.

Bi. Beryl Stainthorpe alikuwa ameketi katika karakana yake ya kukarabati vitabu, koti mwilini, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri treni. Alikuwa na miaka hamsini hivi, na ncha za vidole vyake zilikuwa na sugu za sindano.

“Umekuja na pingu?” aliuliza.

“Zimo garini. Kwanza niambie uligunduaje.”

“Kwa mizani. Jumatatu nilikitoa ili nikaze mshono. Kila kitabu adimu hupimwa kikitoka na kikirudi, ndiyo sheria ya hapa. Kile cha Ormerod kina gramu arobaini na moja. Hiki kilikuja arobaini na nne. Nikafungua. Kwenye picha iliyopigwa mwaka 1931, herufi D ina mbwa. Hapa ina bata. Kile kimeliwa kona moja. Hiki kona zote ziko salama.”

“Kwa hiyo aliyeghushi ni mzembe.”

“Nani kasema kimeghushiwa?”

Winifred alivuta kiti. Bi. Stainthorpe alivua koti lake, na papo hapo akawa mtu mwingine. Aliosha mikono, akaikausha vizuri, akafungua kitabu chini ya taa.

“Tazama hili tundu. Mdudu ameingia hapa nyuma, akapita kurasa sita, akatokea hapa. Kila tundu limefuata la jirani yake. Ningetumia karatasi zangu za droo, matundu yangekuwa yametawanyika ovyo. Tazama na hapa chini.” Kwenye pembe ya kila ukurasa kulikuwa na doa jeusi la mviringo, dogo kama punje ya dengu. “Kidole gumba. Cha mtoto wa miaka mitatu, minne. Halafu angalia, juu yake doa jingine, kubwa kidogo. Na jingine. Sijui ni watoto wangapi. Uchafu ule umeingia ndani ya nyuzi za karatasi, haukupakwa juu.”

Winifred aliinama. Kazi yake ilikuwa imemfundisha alama za vidole: za wezi wa magari, za wavunja maduka, moja ya mume aliyekana kuwa jikoni. Hakuwahi kuona alama za watu waliokufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, tena wakiwa hawajafika kimo cha meza. Alijikuta ameshikilia pumzi ili asizipeperushe.

“Mungu wangu,” alisema kwa sauti ya chini.

“Ndiyo. Nami nilisema hivyohivyo.” Bi. Stainthorpe alitabasamu kwa mara ya kwanza. “Watu hudhani vitabu hivi ni adimu kwa sababu vilikuwa vichache. Havikuwa vichache! Vilichapwa kwa maelfu, wachuuzi wakivitembeza mlango kwa mlango kwenye vikapu pamoja na sindano na riboni. Lakini mtoto hasomi kitabu, anakila. Anakilalia, anakitia kwenye uji, anamkopesha mbwa. Kilichopendwa kiliisha. Kilichobaki, mara nyingi, ni kile ambacho hakuna aliyekitaka. Kwa hiyo kitu kama hiki, kilichoshikwa hivi na bado kipo…” Hakumaliza. Alikinyanyua tu kuelekea pua ya Winifred. “Nusa.”

Kilinuka moshi, si wa kuni wala wa makaa. Ulikuwa moshi mzito wenye utamu wa tope.

“Udongo mweusi wa mlimani,” Winifred alisema. Bibi yake aliwahi kuuchoma. “Ule wanaouchimba na kuukausha.”

“Na maktaba yetu hupashwa joto kwa umeme.”

Winifred alisema, “Kuna jambo haliingii akilini. Mwizi anaiba dhahabu, anaacha dhahabu nyingine mahali pake. Mwizi gani huyo?”

“Ungeniuliza mimi,” Bi. Stainthorpe alisema, “ningesema si mwizi. Lakini mimi ndiye mshitakiwa, usinisikilize.”

Winifred aliomba daftari la mizani. Lilikuwa na safu ya tarehe, jina la msomaji, sababu ya kusoma, uzito wakati wa kutoka, uzito wakati wa kurudi, na herufi za jina la aliyepima. Alilifuata kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, miaka minne nyuma. Kisha akarudia, taratibu zaidi.

“Bi. Stainthorpe, karatasi hunywa maji?”

“Kama mlevi. Mvua ikinyesha siku tatu, kitabu kile huongezeka karibu nusu gramu.”

“Ndiyo maana namba zako hazitulii. Arobaini na moja na nukta tatu. Arobaini nukta nane. Arobaini na moja nukta tano, na hapo umeandika ‘mvua’.” Aligeuza daftari. “Sasa soma za Bwana Peverell.”

Bi. Stainthorpe alisoma. Arobaini na moja kamili. Arobaini na moja kamili. Masika na kiangazi, theluji na jua, miaka minne, arobaini na moja kamili.

“Hapimi,” alisema polepole. “Anaandika tu.”

“Hapimi. Kwa hiyo daftari hili halinionyeshi siku kitabu kilipobadilishwa. Linanionyesha siku ya mwisho ambayo kilikuwa chenyewe: tarehe tisa Machi, ulipokipima wewe. Kuanzia hapo hadi Jumatatu, wasomaji wanne wamekishika, na hakuna hata mmoja aliyepimiwa.”

Winifred alinakili majina manne. Maprofesa wawili, mmoja wa Bristol na mwingine wa Edinburgh. Mwanafunzi wa uzamivu kutoka Kanada. Sababu zao zilijaza nafasi iliyotolewa na kuvuka mstari. Jina la nne lilikuwa la tarehe kumi na mbili Aprili, kwa mwandiko mkubwa unaopanda mlima: *Thomasin Calvert, Shamba la Hollin Rigg*. Kwenye safu ya sababu alikuwa ameandika neno moja: *Kukiona.*

Peverell alimkuta mlangoni akivaa glavu.

“Humkamati?”

“Bado. Bwana Peverell, unamkumbuka Bi. Calvert? Aprili.”

“Ajuza mmoja wa shambani. Alitoa machozi kwenye meza yangu ya kusomea. Nilimpa leso, nikampa nusu saa.”

“Ulikaa naye?”

“Nilikuwa na simu ya kupokea.”

“Na alipomaliza, ukapima kitabu.”

“Bila shaka.”

“Siku hiyo ilinyesha tangu alfajiri,” Winifred alisema, “nakumbuka kwa sababu mto ulifurika tukafunga daraja. Wewe umeandika arobaini na moja kamili.”

Masikio ya Peverell yalianza kuwa mekundu, kwanza moja, kisha la pili. Winifred alitoka, akaelekea garini.

Barabara ya Hollin Rigg ilipanda bondeni kati ya kuta za mawe, ikapita kondoo waliolowa, ikaishia kwenye nyumba fupi yenye moshi mzito juu ya paa. Winifred alishusha kioo cha gari. Harufu ilikuwa ileile.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Mwanamke aliyesimama hapo alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, mfupi, mnene kiunoni, na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Aligeuza sikio kwanza, si uso.

“Wewe ni polisi?”

“Ndiyo, mama. Inspekta Garside.”

“Namshukuru Mungu! Ingia, mwanangu, ingia, unaingiza baridi. Mmechelewa hivyo! Nimeoka mkate wa tangawizi mara tatu nikiwasubiri, mara tatu nikawapa kuku. Nilidhani watagundua kesho yake. Miezi saba! Wana macho kweli watu wale?”

Winifred aliketi kwenye kiti cha jikoni. Katika miaka kumi na tisa ya kazi hii, hakuna mtu aliyewahi kumlaumu kwa kuchelewa kumkamata.

“Bi. Calvert, kabla hujasema zaidi, nina wajibu wa kukuonya kwamba lolote utakalosema—”

“Nionye, nionye, mimi nakata mkate.”

Winifred alimwonya, mpaka neno la mwisho. Kisha akauliza, “Ulichukua Kitabu cha Ormerod?”

“Sikuchukua cha Ormerod, kwa sababu Ormerod hana kitabu. Nilichukua cha Ambrose. Nikawaachia cha Keziah, ili wasibaki mikono mitupu. Siyo wizi huo, ni kubadilishana.”

“Sheria haioni hivyo, mama.”

“Basi sheria ina macho kama yangu.” Bibi alipapasa rafu iliyo juu ya meko, akashusha Biblia kubwa ya familia, akaiweka mezani kwa kishindo. “Fungua jalada la nyuma. Mimi siwezi tena, lakini naijua kwa moyo. Soma.”

Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Winifred alisoma kwa sauti, akijikwaa kwenye herufi za kale:

“*Februari 1744. Theluji wiki tano, hakuna anayeweza kutoka. Nimewashonea watoto vitabu viwili, kimoja cha Ambrose, kimoja cha Keziah, na picha za wanyama wetu. Ambrose anaota meno, amekwisha kula kona ya chake. Nimecheka.*” Mstari uliofuata ulikuwa wa mwaka uleule, mwezi wa Juni. “*Mchungaji ameazima kitabu cha Ambrose akionyeshe kwa Askofu. Ameahidi kukirudisha.* Sahihi, Dinah Calvert.”

Mekoni, udongo mweusi wa mlimani ulikuwa ukiungua polepole.

“Hakukirudisha,” Winifred alisema.

“Aliandika jina lake ndani, kama mtu anavyoandika kwenye sufuria ya kuazima ili isipotee. Labda hakuwa na nia mbaya. Kisha alikufa, vitu vyake vikapigwa mnada, na watu wakaja wakasoma jina.” Bibi aliketi. “Baba yangu alinihadithia, naye alihadithiwa na mama yake. Ulipofika wakati wa kulala tulikuwa tunaletewa cha Keziah tukisome, na kila mara mtoto mmoja aliuliza, je, cha Ambrose kiko wapi? Na jibu lilikuwa, Mchungaji atakileta. Ikawa utani wa nyumba hii. Mtu akichelewa na jambo, tunasema, atakuja na Mchungaji.”

“Kwa nini hukwenda kuwaambia?”

“Nimeandika barua tatu.” Alitoa bahasha moja mfukoni mwa aproni. Karatasi yake ilikuwa na nembo ya Ravensgill. Winifred aliisoma kimoyomoyo. *Maktaba haishughulikii hadithi za kifamilia. Historia imekwisha kuthibitisha kwamba vitabu vya kwanza vya watoto nchini vilitungwa na wanaume wenye elimu. Kazi ya akina mama ilikuwa kuvisoma. Wako mtiifu, L. Peverell.*

Aliisoma mara ya pili, kisha akaikunja kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyostahili.

“Daktari ameniambia kwamba mpaka Krismasi sitaona kitu,” bibi aliendelea. “Mimi ni Calvert wa mwisho. Nikasema, sitaki kwenda kabla sijaviona pamoja. Siku moja tu. Kisha waje wanifunge wakitaka. Nilikaa navyo hapa mezani mpaka jua likaisha.”

“Na baada ya hapo, kwa nini hukukirudisha?”

“Nikirudisha, nani atakuja kuniuliza kilikuwa cha nani?”

Winifred aliweka kikombe chini. “Bi. Calvert, kuna mwanamke pale maktabani, fundi wa vitabu. Wanasema yeye ndiye aliyeiba. Bodi inakaa saa kumi leo kumfukuza, na wanataka nimfungulie mashitaka.”

Uso wa bibi ulibadilika. Alisimama haraka mno, akajishika kwenye meza. “Kuna mtu anateseka kwa ajili yangu? Tangu lini?”

“Tangu Jumatatu.”

“Yesu nisamehe. Koti langu. Liko wapi koti langu? Twende, mwanangu, twende mara moja!”

“Tutakwenda. Kuna muda. Nionyeshe kwanza kitabu.”

Kilikuwa ndani ya bati la unga, kimefungwa kwa kitambaa cha mezani kilichopigwa pasi. Winifred alifungua kisanduku alichokuja nacho kutoka maktabani, akavaa glavu, akaviweka vyote viwili juu ya meza iliyosuguliwa. Uzi ule ule wa buluu. Mkono ule ule. Cha Ambrose kilikuwa na mbwa, kona iliyotafunwa, na alama mbili ndogo zilizozama kwenye karatasi ambazo Peverell, katika historia yake, aliziita za panya. Winifred aliziangalia kwa karibu. Alikuwa na dada mwenye mtoto mchanga. Zilikuwa za meno mawili ya mbele, ya chini.

“Ulizitazama kurasa za mwisho?” bibi aliuliza.

“Za mwisho?”

“Viweke ubavu kwa ubavu. Cha mvulana kushoto. Funua nyuma.”

Kwenye cha Ambrose kulikuwa na mstari mmoja mnene unaopanda na kuishia ukingoni, na chini yake vimistari vichache. Kwenye cha Keziah, mstari mwingine unaoshuka. Winifred alivisogeza mpaka karatasi zikagusana.

Nguruwe jike alikuwa amelala ubavu, masikio yamefunika macho, na chini yake watoto wake kumi na mmoja wananyonya, watano katika kitabu kimoja, watano katika kingine. Alikuwa mkubwa, ametulia, na ameshiba. Mmoja aliyebaki alikuwa katikati kabisa, kichwa kwa Ambrose na mkia kwa Keziah.

Nje mvua ilipiga kioo. Winifred alimfikiria mwanamke mmoja katika nyumba hii hii, theluji imefika madirishani, watoto wawili wanagombana kwa ajili ya chakula na mablanketi na nafasi karibu na moto, naye anachora picha ambayo hakuna anayeweza kuiona peke yake. Lazima wakae pamoja. Lazima mmoja amwite mwenzake. Hilo halikuwa somo la herufi wala la dini. Na kwa miaka mia mbili na thelathini na tisa, hakuna mtoto aliyemwona nguruwe yule mzima.

“Anacheka,” alisema hatimaye. “Huyu nguruwe anacheka.”

“Anacheka, eeh?” Bibi aliegemea mbele. “Nilidhani hivyo, lakini Aprili macho yangu yalikuwa tayari mabaya. Sikuwa na hakika.”

“Kweli kabisa, mama. Anacheka.”

Simu ilikuwa ukutani karibu na mlango. Winifred alipiga Ravensgill, akaomba kuunganishwa na karakana, si ofisini.

“Bi. Stainthorpe? Vua tena hilo koti lako. Nakuletea vyote viwili, na mtu wa kukueleza. Tutafika kabla ya saa tisa. Hapana, Bwana Peverell usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe, mbele ya bodi, na nitamwomba aisome barua moja kwa sauti.”

Alirudi mezani, akatoa kadi mbili za vielelezo. Kuhusu mashitaka ya Bi. Calvert angeamua mwendesha mashitaka, naye alijua jinsi atakavyoandika taarifa yake, kila neno la kweli na hakuna la kumkandamiza. Sasa kadi zilitaka maelezo ya mali: aina, idadi, umri. Mwishoni kulikuwa na nafasi iliyoandikwa *Mtengenezaji*. Kwa saa na redio zilizoibwa, nafasi hiyo huchukua sekunde moja.

Alifungua kalamu.

“Unaandika nini?” bibi aliuliza, mkono mmoja tayari kwenye koti.

“Jina lake. Dinah Calvert, Shamba la Hollin Rigg, 1744.”

Bi. Thomasin Calvert alisimama pale, mkono mwingine ukitafuta tundu la koti bila kulipata.

“Liandike vizuri,” alisema. “Herufi kubwa. Na kwenye kadi ya pili pia.”

Winifred aliandika kwa herufi kubwa. Kisha, wino ukiwa bado mbichi, akamsaidia bibi kuingiza mkono kwenye koti.